Ushanga Niliouficha Kwenye Mchele

Simu ya kaka ilinikuta kazini, Jumatatu asubuhi. Mama atashuka kutoka Masagati siku ya Alhamisi, binti wa kaka anafunga ndoa Jumamosi, na mimi nisisahau ushanga. Nikamjibu, "Upo, kaka, wala usiwe na wasiwasi." Nilijibu haraka mno. Ilikuwa miezi sijautia machoni.

Katika ukoo wetu shangazi ndiye humvisha bibi harusi ushanga ule. Ni mbegu za kijivu za majani ya kando ya mto na vipande vya mti mwekundu, vyote vimetungwa na bibi yangu mzaa mama. Mama aliponikabidhi aliniambia neno moja tu: "Uvae." Mimi nikauvaa siku mbili, mtu mmoja ofisini akaniuliza kama nimeanza uganga, nikauvua. Hasira zangu ziko karibu, na aibu yangu iko karibu zaidi.

Tangu hapo ushanga haukupata pa kukaa. Niliuweka ndani ya sanduku, masika ikaja, ukaota ukungu. Nikauanika juani, vipande viwili vya mti vikapasuka. Nikaufunga kwenye nailoni, ukatoa jasho humo humo. Basi nikafanya afanyalo kila mtu wa Ifakara kwa simu iliyodumbukia majini: nikauzika kwenye pipa la mchele. Huku kwetu mchele ndio daktari wa unyevu. Nikajisifu kwa akili zangu.

Jumatatu ile nilitoka kazini mapema, nikatumbukiza mkono kwenye pipa. Fukusi wakanipanda mpaka kiwiko. Ushanga ulitoka mwepesi, na ulipogusa meza ukaacha unga mwembamba. Vipande vya mti vilikuwa na matundu madogo madogo, na nilipokibana kimoja kikasagika. Fukusi walikuwa wamemaliza mchele wa juu wakahamia kwa bibi yangu. Niliketi chini sakafuni nikalia kwa hasira, maana nilijua mama macho yake yamefifia, lakini vidole vyake havijafifia hata kidogo.

Jumanne nilizunguka soko lote. Jumatano nikapanda gari mpaka Kiberege, siku ya gulio, nikapata punje za plastiki zenye rangi ile ile. Nilizitunga pamoja na mbegu zilizosalia, nikafumua, nikatunga tena. Chakula kiliungua mara mbili. Nilipopaka mafuta ya nazi zikang'aa zote sawasawa, na mimi nikajiambia yamekwisha, huku nikiamka kila baada ya dakika kumi kwenda kuutazama tena.

Mama alifika Alhamisi mchana, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ushanga uko wapi?"

Hata maji hakuomba. Nikamwekea kiganjani. Vidole vikaanza kutembea, punje kwa punje, kama anasali rozari. Vikapita ya kwanza ya plastiki. Nikapumua. Vikapita ya pili, vikarudi nyuma.

"Hii ya dukani."

Akaendelea, akazipata zote, hakukosea hata moja. Kisha akauinua puani, akanusa muda mrefu.

"Unanuka nazi na mchele," akasema. "Ulipokuwa kwa mama yangu ulinuka shingo yake. Ulipokuja kwangu ukanuka yangu na yake. Nilidhani leo nitakunusa wewe."

Nilitamani anitukane. Nikaeleza yote: ofisi, ukungu, jua, pipa. Akasikiliza akikuna goti.

"Mafuta ya mwili ndiyo dawa yake. Mbegu hizi hazijui kabati. Lete uzi."

Tukatoa plastiki yote. Ushanga ukabaki mfupi, unabana koo. Akanifunga shingoni mwenyewe, akakaza fundo.

"Usiuvue mpaka Jumamosi. Mwanamke havishwi kitu cha baridi."

Siku mbili nilipika, nilifua, niliteka maji na kugombana na wapiga ngoma, ushanga ukiwa shingoni. Ulinikwaruza. Ulilowa jasho, ukakauka, ukalowa tena. Ijumaa nilienda nao kazini, na yule mtu akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Jumamosi, nje ya kanisa la Lumemo, bibi harusi aliinamisha kichwa mbele yangu. Nikafungua fundo. Ushanga ulikuwa na joto. Mama alisogea, akainama shingoni kwa mjukuu wake, akanusa, akacheka peke yake.

Mimi nilibaki nimesimama, mkono kooni, nikitafuta kilichokuwa pale. Miaka yote nilikuwa nao ndani ya nyumba yangu, lakini ulikuwa wangu kweli siku hizi mbili tu.