Mtani Aliyegoma Kutoka Kaburini

Yeremia alikuwa Mnyamwezi wa mtaa wa Mafiga, fundi baiskeli, na mtani wa Waluguru karibu nusu ya mji. Kwenye misiba yao kazi yake ilijulikana. Kabla jeneza halijashushwa, yeye hutangulia kulala kaburini, na hatoki mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wanalia wanacheka, katekista anatazama saa, marehemu anazikwa.

Mwaka huu alichoka. Si malaria, walimpima wakakuta damu safi. Alishinda kitandani, baiskeli za watu zikabaki miguu juu. Aliposema kijiweni kwamba anatamani asiamke, wenzake walishika mbavu. Mtu mwenye kibali cha kutania vifo, nani atamwamini akisema anakitaka chake? Mchungaji wa kanisa lake alimwagiza afunge na kuomba. Chakula kilikuwa hakipiti siku nyingi, kwa hiyo nusu ya agizo ilikuwa imeshatimia.

Ndipo rafiki yake Laurenti, Mluguru mkulima wa kabichi kule milimani Mgeta, akajiua. Ukoo ukatangaza kuwa ni presha, neno pana, linafunika aibu za ukubwa wote.

Yeremia akapanda mlima kwenda mazikoni na mkewe Joyce, akashuka kaburini, akalala. Wakamletea jogoo. Hakumtazama. Wakaongeza wa pili. Mmoja akasema mtani leo kapandisha bei, watu wakacheka. Joyce hakucheka.

Yuliana, mjane, akainuka mkekani, akapita katikati ya wajomba wa marehemu, akapiga magoti ukingoni.

"Shemeji, Laurenti naye alikuwa halali usingizi, hali chakula. Nikamwita mvivu. Wewe hapo unatania?"

Yeremia akageuza uso kumtazama.

"Hapana, shemeji. Leo sitanii."

Vicheko vikakatika. Mjomba mkubwa akanung'unika kwamba jua linashuka na maiti inangoja.

"Laurenti ana haraka gani tena?" Yuliana akamwuliza. "Huyu ndiye bado tunaye."

Joyce akashuka kaburini na kitenge chake cha misibani, akakaa kwenye udongo mbichi, akamwambia mumewe kwamba kesho wanakwenda kwa daktari wa wagonjwa wa akili, na wanaotaka kucheka wacheke. Kisha akamwuliza hali hiyo ilianza lini. Wachimba kaburi wakaegemea majembe yao, katekista akafunga kitabu, na Yeremia akaanza kueleza, polepole, akirudi nyuma mara kwa mara kurekebisha.