Kanzu ya Jirani na Ripoti Niliyoiondoa

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya ukaguzi, Directrice, mama mkuu wa ofisi, alinitazama mikono kabla ya uso. Kucha zilikuwa bado za buluu, maana nilikuwa nimetia vitambaa rangi miaka mingi kule Kenya, komine yetu, yaani mtaa mkubwa wa Lubumbashi, si nchi. Akaniuliza diplôme. Nikamjibu kwamba shule niliacha darasa la tano, lakini anipe kitambaa chochote, nitamwambia kimechovywa katika nini na maji yake yamemwagwa wapi. Akanipa skafu yake mwenyewe. Nikamwambia. Hakuivaa tena, na kazi nikapata.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Tuliwapimia wanunuzi wa nje kama chapa fulani ya nguo inaharibu udongo na maji ao haiharibu. Wenzangu wenye diplôme walianza na karatasi. Mimi nilianza na vitu: pamba imetoka wapi, rangi inashikishwa na nini (fundi mwema hutumia shabu, ile chumvi ya mawe, mvivu hutia dawa kali), maji machafu yanakwenda wapi, mabaki ya vitambaa yanachomwa ao yanashonwa tena. Nilitumwa hadi Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ya pwani, kwa barabara isiyo barabara, kukagua akina mama washona mifuko. Hakuna aliyewahi kunificha pipa la rangi.

Ndipo ikaja zamu ya Mama Kapinga. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba moja mtaani Golf, mafundi wanane, mashati ya nili, ile rangi ya buluu. Mnunuzi wa Ulaya aliyataka mashati hayo, ila alingoja neno letu. Nilikagua asubuhi nzima. Shimo la kuchujia maji lilikuwa na changarawe, mchanga na makaa, safi kabisa. Halafu nikachungulia juu ya ukuta. Kwa jirani, Mzee Ramazani, kanzu nyeupe zilikuwa zimeanikwa, na weupe wake ulikuwa na ubuluu. Mzee huyo hutumia maji ya kisima. Nikasema moyoni, Mama, nimekupata. Geti la jirani sikubisha. Niliandika kwamba nili imeingia kisimani.

Mnunuzi akasimamisha kila kitu. Mama Kapinga akaja ofisini, hakulia, hakupaza sauti.

"Papa, ile mayi ya kisima, ulichota?"

Nikamwambia macho kama yangu hayahitaji ndoo.

"Basi macho yako italipa bafundi bangu."

Neno hilo lilinichoma. Nilirudi Golf na chupa, nia yangu ikiwa kumfunga kinywa. Mzee Ramazani akanichotea maji mwenyewe. Yalikuwa meupe. Nikayachemsha kwenye sahani nyeupe mpaka yakakauka, hapakubaki hata tone la buluu. Nikamwuliza juu ya kanzu. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Bibi yangu anatiaka bleu mu mayi ya kufulia, kanzu ing'ae. Weye muntu wa rangi, haujue bleu?"

Mke wake akatoka na kidonge chenyewe cha buluu ya kufulia, kimefungwa kwenye kitambaa. Mama yangu alikuwa na kama hicho.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Directrice. Akanishauri niandike kwamba shimo limerekebishwa, ofisi isiaibike. Nikakataa. Shimo halikuwa na kosa, nitalirekebishaje?

"Andika basi kwamba ulikosea," akasema, "lakini ripoti zako zote zitasomwa upya."

Nikaandika, nazo zikasomwa zote. Kosa lingine halikuonekana, na ninalisema hili bila haya. Ni wakaguzi wangapi mnaowajua waliofuta neno lao kwa mkono wao?

Leo kifua kimechoka na mvuke wa rangi, nimekaa nyumbani. Vijana wa ukaguzi hunijia na vipimo vyao vya umeme, nami huwaambia wachote maji kwanza, wabishe hodi, ndipo waandike.

Mnunuzi alirudi kwa Mama Kapinga, ila alichelewa. Fundi wake wa vifungo, Jeanne, alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa kazi, naye akauza cherehani yake ili watoto wale. Sasa anauza mboga za lengalenga sokoni Kenya, na hunichagulia fungu kubwa, akiniita papa. Nimesimama mbele ya wakurugenzi na wazungu wenye mikoba, sikutetemeka. Mbele ya meza ya Jeanne, kila wiki, ninalipa na kuondoka bila kumwambia ni mimi niliyeandika ile ripoti.