Masizi Kwenye Gari la Mama Breki

Mke wangu ni mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake wanamwita Mama Breki. Hawakumwonea. Gari lake lina pedali ya ziada ya breki upande wa abiria, pale anapokaa yeye, na mguu wake wa kulia umehamia juu ya pedali hiyo. Hata nyumbani, akimwona mtoto amebeba glasi iliyojaa, mguu unakandamiza sakafu. Nilimwoa pamoja na mguu huo na sijutii, ila kuna siku unanitia wazimu.

Mwaka huu gari lilianza kukohoa. Asubuhi lilikuwa linagoma kuwaka, kwenye mwinuko linaishiwa pumzi, na nyuma linaacha moshi mweusi wa kuaibisha ukoo mzima. Wakaguzi wa magari wakalikataa. Walitupa nafasi moja tu ya kulirudisha: likitoa moshi tena, halitatumika kumfundishia mtu, na Mama Breki hana gari jingine. Siku hiyo alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Basi nitabaki hapa nikutazame unavyonyoa watu." Mimi ni kinyozi, na saluni yangu iko chumba cha mbele. Alikuwa anatania, lakini macho yalikuwa mekundu. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto, na hata sikujua nimkasirikie nani.

Nikampigia simu kaka yake, ambaye ni fundi wa magari mji mwingine.

"Shemeji, injini imejaa masizi," akasema, hata sijamaliza kueleza. "Gari linashinda gia ya kwanza na ya pili kutwa nzima, mafuta hayaungui sawasawa, uchafu unagandia humo ndani kama kwenye sufuria. Toeni plagi, mwageni dawa ya kusafishia kwenye matundu, muiache ilainishe. Mkimaliza, badilisheni oili, halafu mlipeleke barabara kuu mkalikimbize liteme uchafu wote."

"Tulikimbize kiasi gani?"

"Kwa mwendo ambao dada yangu hajawahi kuuona."

Jumamosi tukaingia kazini uani. Plagi zilitoka nyeusi tii. Nilizisugua kwa brashi ndogo ninayosafishia mashine za kunyolea, huku mke wangu akipima dawa kwa bomba la sindano na kuimwaga tundu moja baada ya jingine, kwa uangalifu wa mtu anayempa mtoto dawa ya kikohozi. Tukaiacha mpaka baada ya chakula cha mchana.

Shemeji alikuwa ametuagiza tuchomoe fyuzi ya pampu ya petroli na kufunika matundu kwa matambara kabla ya kuzungusha injini. Fyuzi nilichomoa. Matambara niliyadharau. Mke wangu alipogeuza ufunguo, injini ilitema maji meusi kwa nguvu, yakanipiga kifuani na kuruka hadi kwenye kamba ya nguo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akachungulia dirishani.

"Baba, shuka langu lilikuwa jeupe."

"Bado ni jeupe, Mama. Upande wa pili."

Alicheka yeye, akacheka mke wangu, na mimi nikafua shuka.

Jumapili, tukiwa tumesharudisha kila kitu na kuweka oili mpya, tulitoka kwenda barabara kuu. Nilishika usukani mimi. Nilijiambia kwamba kazi ya kukimbiza gari inataka mwanamume, na mke wangu akakaa kiti chake cha kila siku. Nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likatetemeka, lakini mwendo haukupanda. Nikazidisha. Likalia kama linaonewa. Nilianza kumtukana shemeji kwa sauti, kwamba ni fundi wa maneno, mara nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatupa jicho chini upande wa pili.

"Mama watoto, mguu!"

Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Akautoa. Gari likachomoka, na papo hapo mguu ukarudi. Ikawa hivyo kila nilipoongeza mwendo, mpaka nikaegesha kando, nimevimba kwa hasira.

"Siwezi," akasema. "Nikikaa kiti hiki naona kila mtu anakwenda kufa. Ndiyo kazi yangu."

Hasira yote ikaniishia. Nikamwambia, "Basi endesha wewe."

Tukabadilishana viti. Aliondoka taratibu, akapanda gia ya tatu, ya nne, na miti ya kando ilipoanza kupita mbiombio nikagundua kwamba mguu wangu nao umeshaipata ile pedali. Ukikaa pale ndipo unapoelewa. Unaliona kila lori limekujia wewe. Nilitaka kukanyaga kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Badala yake nikapandisha miguu yote miwili kitini, nikaikunja kama mtu aliyeketi mkekani, nikashikilia mkanda.

Aliiona miguu yangu kwa pembe ya jicho. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Nyuma yetu barabara ikawa giza. Moshi mweusi ulitoka kwa mfululizo, ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba, kisha nikaangalia kwenye kioo nisione moshi wowote. Injini ilikuwa imebadilika sauti, nyepesi, haina kinyongo. Mke wangu alikuwa anapiga kelele za furaha kama msichana, na mimi nilikuwa naogopa na kumpenda kwa pamoja.

Kesho yake tukalipeleka. Mkaguzi akachomeka kipimo chake kwenye bomba la moshi, akakanyaga mafuta, akasoma, akarudia tena kwa kutoamini, kisha akagonga muhuri.

"Limepita, Mwalimu. Nani amekutengenezea?"

"Mume wangu huyu."

"Kumbe ni fundi?"

"Hapana, ni kinyozi," akasema mke wangu, akanishika mkono mbele ya watu. "Alipandisha miguu kwenye kiti, akaniacha niende."