Nilivyojifunza Kumuaga Tomi

Nakumbuka Jumamosi ile nilipomwacha mbwa wangu Usa River bila kumuaga. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi katika hospitali moja ya mjini hapa Arusha, na nilikuwa nimepata kazi Uingereza. Tiketi ilikuwa tayari, zimebaki wiki mbili. Mwanangu, nimesikia na wewe visa yako imetoka, na nyumbani kwako kuna mbwa na paka ambao hujui utawafanyaje. Ndiyo maana nimekuita ukae. Kunywa chai yako taratibu, maana habari hii ina aibu yangu ndani yake na siwezi kuisimulia kwa haraka.

Nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni, uani kwa mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Arusha. Alikuwa mjane, na mtaa mzima ulimwita Bibi Kanta. Mbele kulikuwa na duka lake la vitambaa, nyuma tulikaa sisi wapangaji, na katikati kulikuwa na ua ambao aliufagia mwenyewe kila asubuhi kwa sababu hakuna mtu aliyeufagia akaridhika.

Tomi nilimpata akiwa mdogo, ameloa, amejibanza chini ya ngazi za wodi ya wazazi. Nilimleta nyumbani ndani ya mkoba wa sare. Akakua akawa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama, lingine limelala. Mwaka niliofiwa na baba yangu, kuna siku nyingi nisingetoka kitandani kama yeye asingekwaruza mlango akitaka chakula. Baadaye akaja paka, Pili, aliyejikaribisha mwenyewe. Nilikaa nao miaka sita. Unaona, sikuwa mtu asiyewapenda. Watu wanaofanya nilichofanya mara nyingi wanapenda sana, na ndipo shida inapoanzia.

Kule nilikokwenda ningelala kwenye hosteli ya wauguzi, ambako hawakuruhusu hata ndege wa kwenye tundu. Kusafirisha mbwa kwa ndege lilikuwa jambo la matajiri. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini miezi mitatu yote ya kungoja karatasi sikulishughulikia. Nilinunua koti. Nilinunua sanduku. Kila nilipomtazama Tomi nilisema moyoni, bado kuna muda.

Muda ulipokwisha, nikashika wa kwanza aliyejitokeza. Baba mmoja alikuja wodini kumwona mgonjwa wake, akasema ana yadi ya mbao Usa River na anatafuta mbwa wa kulinda. Nikamwambia ninaye. Sikumuuliza hata jina. Jumamosi nikampeleka Tomi, nikamfunga kamba kwenye nguzo pale yadini, nikamtupia mfupa wa supu. Alipoinamisha kichwa kuutafuna, nikapita nyuma ya rundo la mbao, nikatoka. Sikugeuka. Nilijiambia kwamba namwonea huruma, nisimtie uchungu wa kuagana. Mwanangu, uchungu niliokuwa naukimbia ulikuwa wangu mimi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Bibi Kanta uani, amekaa kwenye kigoda akichambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Elia. Tomi sijamwona tangu juzi."

"Nimempatia nyumba nzuri, Bibi. Usa River."

"Kwa nani?"

"Kwa baba mmoja ana yadi ya mbao."

"Anaitwa nani?"

Nikaokota choroko iliyodondoka, nikairudisha kwenye ungo.

"Anampa chakula gani? Analala wapi mvua ikinyesha? Umemwambia kwamba anaogopa radi?"

Akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti. Bibi Kanta alipokasirika, sauti ilishuka.

"Elia, wewe ni nesi. Mgonjwa akihamishwa wodi, mnamtupa mlangoni mkakimbia?"

"Hapana, Bibi. Tunamkabidhi."

"Mnamkabidhi na nini?"

"Na faili lake. Tunaeleza dawa zake, hali yake, kila kitu."

"Basi huyu umemtoa kama gunia la takataka, kisha unaniambia nyumba nzuri. Na paka? Yeye ulipanga kumwacha hewani?"

Ndivyo nilivyopanga hasa. Nilidhani paka hujitafutia. Nikaanza kulia pale pale, na yeye hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akasema, "Kesho una zamu?"

"Sina."

"Basi kesho tunakwenda kumwona."

Bibi Kanta alikuwa na gari dogo la bluu ambalo aliliendesha mwenyewe, polepole sana, katikati ya barabara ya Moshi, malori yakipiga honi nyuma yetu na yeye hana habari. Tulipofika yadini, yule baba alitutazama kama mtu aliyekuwa akitungoja kwa wasiwasi.

"Nesi, mbwa wako hayupo," akaniambia. "Hakula kitu. Alilia tu. Jumapili asubuhi nikakuta kamba imetafunwa. Nilidhani amerudi kwenu."

Akaniletea kile kipande cha kamba. Nilitaka kumfokea, nikafungua mdomo, Bibi akanishika mkono. Akamshukuru yule baba kwa kusema kweli, akamuuliza mbwa alielekea wapi, tukarudi garini. Humo ndimo alimoniambia, "Usimlaumu yule. Hukumwambia lolote. Wa kulaumiwa yuko ndani ya gari hili, na siyo mimi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja nisafiri. Tulirudi tukisimama kila penye watu, tukiuliza juu ya mbwa wa kahawia mwenye sikio lililolala. Kesho yake nikatoka tena peke yangu, kwa miguu, kutoka Usa River kuja Tengeru. Wauza ndizi walinionea huruma. Wengine walinicheka, mtu mzima analia barabarani kwa ajili ya mbwa. Siku moja nikaona kitu cha kahawia kimelala kando ya lami, nikakikimbilia. Lilikuwa koti kuukuu. Usiku ule nilimwambia Mungu kwamba Tomi asipoonekana sitapanda ndege, na nilikuwa nasema kweli, ingawa mama yangu na wadogo zangu walikuwa wanaitegemea safari ile.

Siku ya tano, mama mmoja anayeuza maziwa pale Tengeru akaniambia kwamba huko juu, njia ya kwenda Nkoaranga, kwa Mzee Mbise, kuna mbwa aliyefika akichechemea. Nilikimbia kumpigia Bibi simu. Akaja na gari lake, akanifikisha mahali ambapo barabara inabaki njia ya miguu.

"Nenda," akasema. "Magoti yangu hayapandi Meru."

Nikapanda kati ya migomba na kahawa mpaka nikafika kwenye nyumba yenye ua wa maua. Mzee Mbise alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amefiwa na mwenzake kama Bibi, watoto wake wote wako Dar es Salaam. Alikuwa amekaa nje ya jiko akimenya viazi. Kando yake, juu ya gunia lililokunjwa vizuri, alilala Tomi, mguu wa mbele umefungwa kipande cha kanga.

Sikuwahi kusema hodi. Tomi alisikia hatua zangu, akajaribu kusimama, akaanguka, akaja akijiburuta na kulia kama mtoto. Nikapiga magoti kwenye udongo. Mzee alituacha hivyo kwa muda mrefu, akaendelea kumenya viazi vyake. Nilipokumbuka adabu nikasema shikamoo, akaitikia, akanivutia kigoda.

"Anaitwa nani?"

"Tomi."

"Mimi nilikuwa namwita Mgeni." Akamtazama. "Tomi. Sawa. Alikuwa anakwenda wapi?"

Nikamweleza yote, tangu ule mfupa wa supu. Nilitegemea anikemee. Aliniuliza tu, "Ukimchukua leo, wiki ijayo utamwacha wapi?"

Nikatazama ule mguu. Mimi ni muuguzi, najua kidonda kilichotunzwa. Kilikuwa kimeoshwa kwa maji ya chumvi, kanga ni safi, bakuli la uji lilikuwa pembeni na limelambwa mpaka chini. Mzee huyu alikuwa amemfanyia mbwa asiyemjua mema mengi kuliko niliyomfanyia mimi wangu.

"Mzee," nikasema, "unaweza kukaa naye?"

"Nilidhani hutauliza," akasema. "Lakini siyo leo. Leo ukimwacha atakufuata tena, na mguu huo hautafika mjini. Uje kesho, na keshokutwa, kila siku unayoweza. Ushinde hapa. Akuone unakula kwangu, unacheka na mimi. Ajue kwamba hujampoteza, umemleta."

Basi mwanangu, siku zangu za mwisho katika nchi hii sikuzitumia kuaga mashangazi. Nilipanda mlima. Nilimenya viazi na Mzee Mbise, nikala loshoro yake, mahindi na maziwa ya mgando, iliyokuwa chachu kupita kiasi, nikasafisha kidonda. Bwana mifugo wa Tengeru akaja kumchoma Tomi chanjo. Nikachukua daftari la shule nikaandika kila kitu: kwamba radi ikipiga hutaka kukaa chini ya meza, kwamba sikio lililolala humuuma wakati wa mvua, kwamba hupenda maganda ya viazi vitamu, kwamba ukimfokea hujificha, lakini ukimwita kwa sauti ya chini anakuja. Mzee alisoma daftari lote akiwa amevaa miwani, na mahali pawili akanisahihisha herufi.

Huku nyumbani, Bibi Kanta akamchukua Pili. Nyumbani kwake hakukuingia nyama wala samaki, na nilimuuliza kwa woga paka atakula nini.

"Mimi sili nyama kwa sababu ya dini yangu," akasema. "Paka hana dini. Dagaa zake zitapikwa uani, kwenye sufuria yake, na anayepika atakuwa mpangaji wa chumba chako. Nitamwambia kabla hajahamia."

Na kweli, alimwambia.

Siku ya mwisho nilikaa chini nikamshika Tomi kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia nakwenda mbali, nikamwambia anabaki na Mzee Mbise, nikamwambia asante kwa kunikwaruzia mlango. Hakuelewa maneno, najua. Mimi ndiye niliyehitaji kuyasema, na yeye alihitaji kuniona nikiondoka kwa mlango wa mbele. Nikaweka kamba mkononi mwa Mzee, nikashuka. Safari hii niligeuka. Tomi alikuwa amesimama, hata lile sikio la kulala limeinuka, analia kidogo. Mzee alikuwa ameinama, mkono juu ya mgongo wake, anamwambia jambo. Tomi hakuvuta kamba.

Mzee aliniandikia barua kila baada ya miezi michache, kwa mwandiko wa ubaoni. Ziliniingia kule kwenye baridi kama mkate wa moto. Baada ya miaka miwili nikapata likizo. Nilishuka uwanja wa ndege, na kabla ya kwenda kwa mama yangu, Mungu anisamehe, nikapita Tengeru.

Tomi alinijua. Mvi zilikuwa zimemwingia mdomoni, lakini alinirukia mpaka nikakaa chini, akanilamba uso, akazunguka na kurudi. Tukashinda hivyo asubuhi yote. Kisha Mzee Mbise akasimama, akachukua jembe, akasema anakwenda kuangalia kahawa. Tomi akaniangalia mimi. Akamwangalia yeye. Akanigusa goti kwa pua, akamfuata Mzee.

Nilibaki kwenye kigoda. Iliniuma, sikufichi. Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na shukrani kubwa ambayo sijawahi kuimaliza hadi leo. Mbwa niliyemtupa alikuwa na kwake. Alikuwa na mtu wa kufuatana naye shambani. Na mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya kurekebisha, ambayo wengi hawapati. Mbwa aliyeitafuna kamba ile angeweza kuishia chini ya tairi la lori.

Bibi Kanta na Mzee Mbise wote wametangulia. Sikuwalipa, na hawakudai.

Sasa nisikilize. Anza leo, usingoje wiki ya mwisho kama mimi. Usimpe wa kwanza aliyejitokeza. Nenda nyumbani kwake, ukae, uone maji yako wapi, uone mbwa atalala wapi, usikilize watu wa nyumba ile wanavyosemeshana. Mtu akikuuliza maswali mengi kuhusu mnyama wako, usiudhike, huyo ndiye unayemtafuta. Andika tabia zake kwenye karatasi. Mrudie mara kadhaa kabla ya kuondoka. Kisha muage ukimtazama, hata kama utalia mbele ya watu. Huko unakokwenda utaachana na mengi, na utakavyomwacha huyu ndivyo utakavyozoea kuacha vingine, watu wakiwemo. Na ukirudi siku moja ukakuta amempenda mwingine, mwanangu, usione wivu. Shukuru.

Mungu akutangulie njiani na akufikishe salama. Akupe huko ugenini mtu wa kukuuliza umekula nini na umelala wapi. Na hawa unaowaacha, mlango wao usifungwe, bakuli lao lisikauke, na mkono utakaowashika uwe mwema kuliko wangu. Amina.