Neno Moja la Saveta na Yai la Ilinca

Bibi Saveta, Mungu amlaze pema, hakuwa mtu wa kulimbikiza vitu. Ng'ombe mmoja, alisema, hutoa maziwa, jibini na siagi. Wa pili wa nini? Basi mwanawe Sorin alipopiga simu kutoka Uingereza kusema kwamba Pasaka anamleta binti yake Ilinca, wa miaka minane, asiyejua Kiromania, Saveta alifungua kamusi akatafuta neno moja tu la Kiingereza, lenye kazi nyingi kuliko yote. Akaliona: 'get', kurasa mbili nzima.

"Kupata, kufika, kuelewa, kuamka, kulowa," alimsomea jirani yake Paraskiva huku akisonga ugali. "Huyu ndiye ng'ombe wangu."

"Neno moja, shoga? Hata kasuku ana mawili."

"Kasuku hana mjukuu."

Haja yake ilikuwa moja. Kwao Bukovina, kaskazini mwa Romania, wanaogonganisha mayai mekundu siku ya Pasaka huonana tena ahera. Alikwisha kugonga na marehemu mumewe Dumitru, na Sorin pia. Ilinca bado. Na Saveta, mwenye miaka themanini na moja na moyo unaochechemea, hakutaka kupishana na mjukuu wake mbinguni kama wapita njia.

Juma Kuu lote walielewana kwa lile neno. Ndoo, 'get'! Kuku katoroka, 'get'! Buti zimejaa maji, 'get'! Mtoto alicheka hadi akakaa chini. Alhamisi alilichora yai lake mwenyewe kwa nta, jogoo na nyota.

Jumapili, waliporudi nyumbani kutoka kanisani, Saveta alinyoosha yai lake. "Kristo amefufuka!"

Ilinca akaficha lake mgongoni. Litavunjika, alisema, machozi yakimlenga.

"Wewe Ilinca!" Sorin alianza.

"Nyamaza, mwanangu," Saveta alimkatiza. "Mbinguni hatuburuzi mtu."

Saveta akagusa picha ya Dumitru ukutani. "Dumitru, 'get' yai." Akaonesha juu. Akajigusa kifua: "'Get' yai." Juu. Sorin naye, juu. Kisha akamgusa mtoto, akafungua viganja vitupu, akainua mabega.

Ilinca aliwaza. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, kama asipogonga hatafika waliko wenzake. Katikati ya swali Saveta akalisikia neno lake.

"'Get'!" alipiga ukelele. "Ndiyo, mama, ndiyo!"

Mtoto akafumba macho, akagonga. Ko! Lililopasuka lilikuwa la Saveta.

"Umepigwa na mtoto, shoga!" alidakia Paraskiva mlangoni.

"Nimepigwa vizuri," alisema Saveta, akamkabidhi mshindi yai lililopasuka, kama ilivyo desturi.

Bwana alimwita Saveta Kwaresima iliyofuata. Pasaka, Ilinca alilileta lile yai la jogoo, limefungwa kwa pamba, akaligusisha kwenye msalaba wa bibi, taratibu, lisipasuke. Akaijibu salamu ya bibi ya mwaka jana, kwa Kiromania:

"Kweli amefufuka."

Paraskiva akajifuta macho kwa kilemba. "Maneno mawili! Amempiga bibi yake tena."