Shemeji Yangu Anaandaliwa Kuomba Radhi kwa Kosa la Mume Wangu

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Bukene, nimeolewa Tabora mjini, Ng'ambo, na tuna watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa magari na wa kuchomelea vyuma. Simlalamikii kwa wanawake wala pombe. Kinachonimaliza ni kitu nilichokiona kwa macho yangu na sijamwambia mtu yeyote zaidi ya yeye mwenyewe.

Mume wangu na mdogo wake, hapa nimuite Idi, hununua asali kwa warina asali wa huko Usinge. Mvua zikianza, njia za kule zinakuwa tope tupu, na pikapu yetu ilikuwa inavunjika miguu ya mbele, yaani vyuma vinavyoshikilia tairi, kila mara. Wakaamua kuing'oa miguu yote na kuweka difu nzima ya mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha tairi la kulia na la kushoto, walichokitoa kwenye gari kubwa lililokufa. Waliifanya ile kazi kwa mapenzi jamani. Uani kwetu palikuwa hapapitiki kwa vyuma, na wenyewe wakicheka kutwa nzima.

Sasa boksi ya usukani nayo ikabidi ihamishwe, ikae kwenye kibao cha chuma kilichochomelewa kwenye chesisi. Siku hiyo umeme ulikatika mume wangu akiwa katikati ya kukichomelea. Uliporudi, akawa ameshahamia kwenye springi. Nilipopeleka chai nikamsikia Idi akiuliza, "Kaka, kile kibao umekimalizia?"

"Nimemaliza. Wewe funga tairi."

Idi akafunga tairi. Kaka yake ndiye aliyemfundisha ufundi, angembishia vipi?

Tukaenda kuijaribu pikapu kwenye njia ya Usinge. Idi anaendesha, mimi nimekaa pembeni yake na ndoo za kuwapelekea warina asali, mume wangu anatufuata na pikipiki. Kwenye bonde ambalo tulikuwa tunakwama kila mwaka, Idi aliingia taratibu, tairi moja juu ya kisiki, nyingine imezama shimoni, gari likatambaa mpaka likatoka. Mume wangu alishuka kwenye pikipiki akarukaruka kama mtoto. "Mdogo wangu, tumeweza!" Walikumbatiana pale na matope yao.

Mbele kidogo, njia ikiwa kavu na mwendo wetu wa kawaida kabisa, tukapiga korongo dogo. Nikasikia chuma kinalia chini. Idi akazungusha usukani, tairi hazikufuata. "Shemeji, shika! Usukani hauko!" Tukaingia kwenye mti.

Mimi nilichanika usoni tu. Idi alivunjika nyonga na mguu, akapoteza fahamu. Mume wangu alimtoa huku analia kwa sauti. Lakini watu walipokuwa wanampakia Idi kwenye gari lingine, nilimwona mume wangu anainama chini ya pikapu, akatoka na kile kibao mkononi. Alama za moto zilikuwa upande mmoja tu. Upande wa pili hata rangi haikuungua. Akakitupa majanini, akageuka, akakuta namtazama.

Hospitali mama mkwe akauliza imekuwaje. Mume wangu akajibu, "Alikuwa anakimbiza gari, mama. Nadhani alikuwa amevuta bangi." Idi hajawahi kugusa bangi maishani mwake! Maneno yakasambaa, na wakwe zake watarajiwa wa Nzega wakavunja uchumba. Yeye mwenyewe hakumbuki chochote baada ya lile bonde. Siku moja namlisha uji akaniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwepo. Kweli nilikuwa nakimbiza?" Nikamwambia, "Pumzika kwanza." Ndivyo nilivyomjibu, Mungu anisamehe.

Nilipombana mume wangu tukiwa wawili, alisema, "Nikikiri, nani ataniletea gari lake tena? Na mama atanitazama vipi? Idi kijana bado, yatapita. Wewe fungua mdomo, njia ya kwenu Bukene unaijua." Na mtu huyohuyo ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni kumpeleka bafuni, ndiye anayelia akisujudu mpaka mkeka unalowa. Simwelewi. Gari ameshalitengeneza, safari hii kibao amekichomelea pande zote na kukitia bolti nene. Linapita tope lolote, watu wanamsifia, naye anapokea sifa huku mwenzake yuko kitandani.

Sasa Ijumaa hii baada ya swala, baba zake wadogo wanakuja nyumbani ili Idi amwombe kaka yake msamaha mbele ya ukoo kwa kuharibu gari na kutaka kuniua mimi. Mama mkwe ana presha, anasema hatapata amani mpaka wanawe wapatane. Ameniagiza nipike pilau.

Jana jioni Idi aliniita chumbani kwake. Akasema, "Shemeji, nisaidie maneno ya kumwambia kaka. Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo asilolikumbuka." Nilimwambia nasikia mtoto analia, nikatoka, na mtoto hakuwa analia.

Nikisema ukweli, ndoa yangu imekwisha na mama mkwe anaweza kutufia mikononi. Kunyamaza nako sioni nitawezaje kukaa pale, nimeshika sinia, nikimsikiliza Idi akijishtaki. Ndugu zangu mnaosoma, kwa imani zenu zote, naomba mnielekeze. Mchele nimeshaununua. Nifanyeje mimi?