Shingo ya Kanga wa Baba

Nilimsikia kanga wetu kabla sijamwona: ile sauti yake ya msumeno butu ukikereza bati, ikakatika katikati, kisha breki za bodaboda. Nilipofika langoni Baba alikuwa ameshamwinua kifuani. Bawa moja la madoadoa lilining'inia, na mguu ulichezacheza kama unaitafuta ardhi.

Baba alimleta kutoka kwao kaskazini akiwa kifaranga, ndani ya kofia yake ya polisi. Sasa amestaafu, na wiki ile alikuwa anarudi huko kuishi. Mama, Mwislamu wa Kinubi mzaliwa wa Kampala, mwenye meza yake ya mitumba katika soko la Owino, alikuwa amekwisha kusema haendi. Hawakugombana. Waligawana vyombo kwa upole ulioniudhi kuliko ugomvi wowote. Kanga alikuwa fungu la Baba.

"Mwandishi," Baba akaniambia, "wewe si unakausha ndege? Hii nataka isimame, shingo juu, kama inalia. Nitaenda nayo."

Nilikuwa nimejifunza kazi hiyo, kumchuna ndege aliyekufa na kuijaza ngozi yake asimame kama hai, kwa ajili ya riwaya ninayoiandika, na mpaka siku ile nilikuwa nimekausha njiwa mmoja tu, aliyetoka kama soksi yenye mdomo. Lakini nilikubali. Nikakimbilia ndani kutafuta kitambaa, damu isije ikachafua manyoya.

Nilirudi nikamkuta Baba uani, amechuchumaa mbele ya Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa akinywa chai.

"Shemeji, iko na roho bado. Haraka."

Mjomba akasema bismillahi, kisu kikapita.

Baba ni Mkristo. Tangu amwoe Mama hajawahi kuchinja hata kifaranga katika nyumba hii. Kila ndege hupelekwa kwa Mjomba, ili Mama aweze kula chungu kimoja na sisi. Desturi hiyo ilikuwa imemwingia mikononi kama saluti.

"Baba, umeniomba shingo, halafu umeipeleka kukatwa."

Aliitazama mikono yake. "Imezoea," akasema.

Wewe unayetaka kuanza kazi hii, nisikilize: usianze na kanga, wala usianze na ndege mliyezoeana naye. Kichwa cha kanga hakina manyoya ya kuficha makosa yako. Ile buluu ya mashavu hugeuka kijivu inapokauka, na ngozi hunyauka kama mtu aliyesusa. Pasua kuanzia kidarini kushuka chini, ngozi tu, usiguse tumbo. Nyunyiza unga wa mahindi kadiri unavyochuna, ili manyoya yasinywe mafuta. Paka boraksi kwa ndani, ule unga mweupe unaozuia wadudu. Yote hayo niliyafanya. Ngozi ya paja ikachanika. Nikaishona, ikachanika pale pale nilipoishona.

Mama akaja na sufuria. "Nipe nyama yangu. Wewe baki na koti."

Koti hilo nililijaza pamba ya mto wa zamani, iliyofungwa kwa uzi mpaka ikawa na umbo la kiwiliwili, na waya nikaupitisha miguuni na shingoni. Miguu ilisimama. Shingo ilikataa. Kisu kilikuwa kimepita juu, chini tu ya taya, kwenye ngozi tupu. Kila nilipoinua kichwa, mshono ulifumuka na pamba ikachungulia. Nilishona kwa uzi mweusi, nikashona mara mbili. Nilimtukana njiwa wangu wa soksi kwa kunidanganya kwamba naweza. Mwishowe nikainamisha kichwa, na jeraha likajifumba.

Chakula cha jioni kilikuwa kanga. Mama aliweka firigisi mbele ya Baba, kama alivyofanya miaka yote. Baba akaikata katikati na kumrudishia nusu. Walikula sahani moja, mkono wa huyu na mkono wa yule. Nilikaa pale na unga wa mahindi nyweleni, nikaelewa kwamba bila kisu kile Mama angekula mchicha peke yake. Nilielewa, na hasira haikuisha. Shingo ilikuwa bado mbovu.

Asubuhi Baba alimzunguka ndege mezani, begi likiwa begani.

"Hii inaokota mahindi," akasema. "Mimi nilisema inalia."

"Akiinua kichwa, shingo inafunguka. Na hajakauka, Baba. Anahitaji wiki kadhaa za upepo. Mwache, nitamleta mwenyewe."

"Lori haingoji. Na wewe, nakujua, utaleta kitabu."

Akamkwapua, pini nilizobania mabawa yakauke zikiwa bado mahali pake. Kichwa kikaning'inia. Ndipo Mama akavua mtandio wake, akamzungushia kanga shingoni, raundi baada ya raundi, akakaza chini ya taya. Kichwa kikasimama.

"Afande," akamwambia, "usimfunue mpaka ufike."

"Ndiyo, madam."

Nilitaka kuwaambia kwamba kitambaa kinazuia hewa, kwamba kwa joto la barabara ile, shingo itaanza kunuka kabla Baba hajavuka Nile pale Karuma, kwamba kazi yangu yote itafika kwao ikiwa mzoga uliovaa mtandio. Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, akanikanyaga hasa.

Baba alifungua komeo kwa kiwiko, akatoka kwa ubavu ili kichwa cha ndege kisigonge fremu, na mlango ukafungwa nyuma yake.